Marumaru ya Mbao: Kwa Nini Tamthilia Kongwe za Bajeti Ndogo Zinatushika

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 26, niko Mombasa. Baba yangu ana tamthilia ya Waingereza ya mwaka 1976 iitwayo I, Claudius, ya makaisari wa Roma, na huirudia kila Ramadhani baada ya tarawehe. Mwaka huu nilikaa naye kwa nia ya kumcheka. Vita hakuna, farasi hakuna, mji wenyewe hauonekani. Ni watu waliojifunga mashuka wanazungumza vyumbani, na marumaru yao ukiitazama vizuri ni mbao iliyopakwa rangi. Nikaja kushtuka nimemaliza vipindi vinne na daku imenikuta macho. Tamthilia mpya za gharama kubwa huwa naziachia katikati. Watu husema haya ni mapenzi ya mtu kwa enzi za ujana wake, lakini mimi sikuwepo. Ni nini kinachonishika? Na nikimaliza hii nitazame nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mpe baba salamu zangu, maana ana jicho zuri.

Nianze na hilo neno lako, "sikuwepo", kwa kuwa limenirahisishia kazi. Nimefundisha uigizaji miaka mingi, na kila nikiuliza darasani kwa nini mtu apende picha kuukuu yenye mapambo ya bei rahisi, jibu la kwanza huwa ni kumbukumbu: mtu anapenda sebule aliyoitazamia, na utoto wake. Wewe umezaliwa zaidi ya miaka ishirini baada ya tamthilia hiyo kurushwa, na huna sebule ya kuikumbuka. Kwa hiyo kilichokushika kimo ndani ya kazi yenyewe, na kama kimo humo tunaweza kukitafuta kwa mkono.

Ninavyoona mimi, umepewa kazi ya kufanya. Tamthilia mpya huja imekwisha kupikwa, ikapakuliwa, hata ikatafunwa. Mji wa Roma unauona kutoka angani, paa kwa paa, nawe huna la kuongeza. Ile ya baba yako inakupa nguzo mbili, mwanga wa upande mmoja na sauti ya watu kwa mbali, kisha mji inakuachia wewe uujenge. Ukishaujenga ni mji wako, na mtu haondoki mjini kwake katikati ya hadithi.

Ngoja nikueleze ilivyotengenezwa, maana humo ndimo jibu lilimo.

Hadithi inatoka kwenye riwaya mbili za Robert Graves zilizotoka katikati ya miaka ya 1930. Mwaka 1937 tajiri wa filamu Alexander Korda alijaribu kuigeuza kuwa filamu kubwa katika studio za Denham nchini Uingereza. Alikuwa na kila kitu. Mwongozaji alikuwa Josef von Sternberg, Claudius, Kaisari mwenye hadithi, alikuwa Charles Laughton, na zilijengwa kumbi kubwa zenye ngazi na nguzo za kutisha. Kisha mwigizaji Merle Oberon akaumia katika ajali ya gari, kazi ikasimama, na haikuendelea tena. Mwaka 1965 BBC ilikusanya vipande vilivyobaki ikavitengenezea filamu ya kumbukumbu. Ukivitazama utamwona Laughton anatisha kwa uzuri, na utaona pia anavyomezwa na ukumbi. Ni mtu mdogo aliyesimama chini ya nguzo kubwa. Macho yako yanakwenda kwenye nguzo.

Miaka thelathini na tisa baada ya jaribio la Korda, hadithi ileile ikaingia Television Centre, wakati huo jengo la BBC magharibi mwa London. Mwongozaji alikuwa Herbert Wise, na mwandishi Jack Pulman. Yote ilirekodiwa ndani ya studio kwenye mkanda wa video, ikarushwa kuanzia Septemba hadi Desemba 1976. Hakuna tukio hata moja lililopigwa nje. Bustani unazoziona zimo chini ya taa za studio.

Sasa elewa maana ya studio kwa wakati ule. Kamera zilikuwa kubwa, zinasukumwa sakafuni kwa stendi, kadhaa kwa pamoja, na mwongozaji anachagua picha ya kamera ipi iingie. Kukata na kuunga mkanda ilikuwa kazi ngumu yenye gharama. Kwa sababu hiyo waigizaji walifanya mazoezi kwanza, siku nyingi, kwenye chumba kitupu ambacho sakafu yake imebandikwa utepe kuonyesha ukuta uko wapi na mlango uko wapi. Ndipo waingie studio na kuicheza onyesho zima zima, kama jukwaani. Mwigizaji hakutegemea kwamba akikosea sentensi itaokolewa na mhariri. Alibeba dakika nane au kumi kifuani mwake.

Na hao walikuwa watu wa jukwaa. Derek Jacobi, ambaye umemwona akiwa Claudius kijana na Claudius mzee, alikuwa miongoni mwa waigizaji wa mwanzo wa National Theatre ya Uingereza mwaka 1963. Patrick Stewart, huyo Sejanus, mkuu wa walinzi mwenye macho makavu, alitoka Royal Shakespeare Company. Ndiyo maana nasema tuwe waangalifu na hili neno "bajeti ndogo". Fedha ya mbao ilikuwa ndogo. Fedha ya muda wa mazoezi na fedha ya mwandishi ilikuwepo. Leo mara nyingi hesabu imepinduliwa: fedha ya kompyuta ipo, lakini mwigizaji anakutana na mwenzake asubuhi ya siku ya kurekodi, kila mmoja amekariri sentensi zake peke yake hotelini.

Rudi kwenye kipindi kile cha michezo ya wapiganaji wa panga. Umegundua kwamba uwanja hauonyeshwi? Tunaona kibanda cha familia ya Kaisari tu. Tunasikia watu wakinguruma, chuma kikigonga chuma, na tunazitazama nyuso za wanaotazama. Kabla ya hapo Livia, mke wa Kaisari Augustus, ameshuka kuzungumza na wapiganaji wenyewe. Anawagombeza kama bibi anayegombeza mafundi waliolipua kazi: amechoka na ujanja wao wa kujifanya wanapigana kumbe wanalindana wasife, na yeye anataka pesa yake itoke jasho. Siân Phillips, anayemwigiza Livia, anayasema hayo bila kupandisha sauti. Baada ya maneno yale, uwanja uliojaa damu ungekuja kutueleza jambo tunalolijua tayari. Ukatili tumeshauona, umevaa shela na umesimama wima. Kelele za uwanjani zinabaki kuwa mchezo wa redio, na sisi tuliolelewa na michezo ya redio tunajua sikio linavyoona.

Kisha kuna kifo cha Augustus. Hiki ndicho ningekisimamisha darasani mwaka mzima kama ningeruhusiwa.

Augustus, ambaye Wakristo wanamjua tangu Injili ya Luka kama Kaisari Augusto aliyetoa amri watu wote waandikwe, ameanza kumshuku mkewe. Hali chakula kilichopikwa nyumbani. Anakula tini tu, tena anazochuma mwenyewe mtini. Hata hivyo anazidi kudhoofika. Analala kitandani, na kamera inakaa juu ya uso wa Brian Blessed, anayemwigiza. Inakaa dakika kadhaa, haiondoki. Livia haonekani, tunamsikia tu anazungumza naye kwa upole, anamlaumu kidogo kwa kutomsikiliza miaka yote hiyo. Uso haujibu. Macho yako wazi. Na wewe mtazamaji unaanza kuhangaika: yu hai? Anasikia? Amefahamu? Baadaye Livia anatoka, anamkuta mwanawe Tiberius, na wakati anapita anamwambia, kama mtu anayekumbusha kufunga dirisha, asiguse zile tini.

Hesabu gharama yake. Mto mmoja, uso mmoja, sauti moja ya mwanamke. Mojawapo ya dola kuu za wakati wake imebadilisha mkono na hakuna askari aliyepita mbele ya kamera. Kama mwongozaji angekuwa na fedha, nina hakika mtu angemshauri atuonyeshe jiji likiomboleza au tai akiruka. Umaskini ulimzuia asiharibu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea wanaposema tamthilia kama hii inapendeza "licha ya" udogo wake. Historia ya ukoo ule ni historia ya vyumbani. Waandishi wa kale wenyewe, Suetonius na wenzake, wanatuachia vitanda, meza za chakula, vijakazi na milango. Claudius wa kweli alipataje ukaisari mwaka 41? Kaisari Caligula ameuawa, yeye Claudius amejificha nyuma ya pazia, askari anaona miguu, anafunua, anampigia magoti. Pazia! Hilo ndilo tukio lenyewe, na studio yoyote ina pazia. Hata msiba mkubwa wa enzi ya Augustus, majeshi matatu ya jemadari Varus kuangamizwa katika misitu ya Wajerumani mwaka 9, Suetonius anatupatia kwa picha ya Augustus mzee anayejigonga kichwa mlangoni akimlilia Varus amrudishie majeshi yake. Tamthilia ikafanya karibu hivyohivyo: habari inafika, mzee anapiga kelele. Msitu haupo, nasi tunaliona pigo pale linapotua.

Basi kipimo changu, ukitaka kujua kama bajeti ndogo itakifaa kisa fulani, ni kuuliza kisa chenyewe kilitokea wapi. Kilichotokea baina ya watu wawili mezani kitastahimili. Vita vya majini havitastahimili, na nimeona mashua za karatasi kwenye beseni nikazima.

Nawe hukuyajua haya kwa mara ya kwanza mbele ya runinga ya baba. Ulisoma Kinjeketile shuleni, bila shaka. Ebrahim Hussein aliichapisha mwaka 1969, na ni historia ya Vita vya Maji Maji, vita vilivyoitikisa Tanganyika. Mto Rufiji utaupandishaje jukwaani? Huupandishi. Unaweka watu wanaotazama upande mmoja, unawapa maneno, na hadhira inalowa. Na hao Warumi wenye mashuka tulikwisha kuwasikia wakisema Kiswahili tangu mwaka 1963, Mwalimu Nyerere alipoitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare. Nimeona shule isiyo na umeme ikiicheza kwa kanga na vifuniko vya masufuria, na Antonio alipofika kwenye maiti hakuna aliyekumbuka masufuria. Mkenya aliyekua na Vioja Mahakamani naye anajua meza moja, kizimba kimoja na ulimi wa watu vinavyoweza kuwa dunia nzima.

Jambo jingine linalovutia, na hili ni la jicho zaidi kuliko akili, ni kuuona mkono wa fundi. Ile mbao uliyoigundua. Mpambaji wa I, Claudius, Tim Harvey, alipata tuzo ya BAFTA kwa kazi hiyo na nyingine ya Emmy huko Marekani, kwa hiyo usidhani watu wa fani hawakuiona mbao. Waliiona, wakaheshimu ujuzi wa kuijua kamera inaona upana gani, na kujenga upana huo tu. Mtu anapoona mshono wa nguo na alama ya brashi, anahisi binadamu yuko karibu. Ni kama kapu la ukili lililosukwa na mtu unayemjua mjini. Picha ya kompyuta nayo imetengenezwa na watu, wengi sana na wenye jasho, lakini alama za vidole vyao zimefutwa.

Mfano ninaoupenda kuliko wote wa ufundi huu ni The Adventures of Robin Hood, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1955 hadi 1959, vipindi 143, Richard Greene akiwa Robin, mwasi wa msituni wa hadithi za kale za Waingereza. Kipindi kilikamilika kwa siku chache tu. Wangewezaje? Peter Proud aliyasimamisha mapambo juu ya magurudumu. Ukuta wa kasri, meko, mlango, ngazi, hata shina la mti lenye uwazi ndani, vyote vinasukumwa. Kamera inakaa, msitu unakuja wenyewe. Ukitazama vipindi vitatu mfululizo utaanza kuusalimia ule mti. Na chini ya utani huo wa mbao kuna uchungu wa kweli: mtayarishaji, Hannah Weinstein, aliwapa kazi waandishi wa Marekani waliopigwa marufuku Hollywood kwa tuhuma za ukomunisti, wakaandika kwa majina ya bandia. Mmoja wao, Ring Lardner Jr., alikuwa amekwisha kufungwa jela. Sasa sikiliza vile vipindi vinavyozungumzia wasaliti, kodi za dhuluma na watu waliofukuzwa mijini mwao. Hayo hayakuandikwa na mtu anayecheza.

Nisikufiche ubaya. Tamthilia hizi zimejaa mambo ambayo mtu wa kwetu hawezi kuyapita kimya. Chukua The Aztecs, yaani Waazteki, wenyeji wa Mexico ya kale, hadithi ya mwaka 1964 katika Doctor Who, tamthilia ya BBC ya wasafiri wa nyakati. Ni vipindi vinne vya nyeusi na nyeupe, milima yake imechorwa kwenye pazia, na kisa chake ni kizito: mwalimu wa historia, Barbara, anadhaniwa kuwa kuhani mkuu wa kale aliyerudi duniani, naye anatumia cheo hicho kujaribu kuikomesha kafara ya binadamu, ili taifa lile liokoke kabla Wahispania hawajafika. Anashindwa, na anayemwamini ndiye anayeumia. Ni maandishi bora ya John Lucarotti. Lakini Waazteki wote pale ni waigizaji weupe. Pazia lililochorwa ninalikubali, maana linaniomba niwaze mlima. Uso wa Mzungu unaoniomba niwaze Mwazteki ni ombi la namna nyingine, kwa sababu Mwazteki hakunyimwa nafasi kwa ukosefu wa fedha. Itazame, uipende unapoweza, na hilo usilisamehe kwa jina la uzee wa picha.

Na zipo nyingi mbovu, mbovu kweli. Ambapo mwandishi ni dhaifu, mbao hubaki mbao. Ukiona mtu amevaa upanga na hana la kusema, zima, hata kama picha ina miaka sabini.

Utaniuliza kwa nini basi zilizobaki zinaonekana nzuri kiasi hicho. Sehemu ya jibu inasikitisha: nyingi hazikubaki. Mikanda ilikuwa ghali, televisheni zikaifuta na kurekodi juu yake. Hadithi nyingine ya Doctor Who ya Lucarotti, Marco Polo, ya mwaka huohuo wa 1964, ilikuwa na vipindi saba. Hakuna hata kimoja kinachojulikana kuwepo. Kilichobaki ni picha za mnato na sauti, zile zilizorekodiwa na watazamaji nyumbani. Nimeisikiliza yote, na jangwa lao la studio nimeliona vizuri tu. Claudius wa kweli naye alikuwa mwanahistoria, aliandika vitabu ishirini juu ya Waetruski wa Italia ya kale na vinane juu ya Wakarthago wa Afrika Kaskazini, vyote kwa Kigiriki, na hakuna hata kimoja kilichotufikia. Huwa nawaza hayo ninapomwona Jacobi mzee ameinama peke yake na kalamu, taa moja, usiku.

Sasa utazame nini. Maliza kwanza hiyo uliyo nayo, na usiitazame kwa simu ukiwa ndani ya matatu. Zinahitaji chumba chenye giza kidogo na mtu mwingine pembeni, kama ulivyofanya. Halafu nenda kwenye Robin Hood, vipindi viwili vitatu vya mwaka wa kwanza, upumzike. Kisha The Aztecs. Mwisho tafuta ile filamu ya kumbukumbu ya 1965 inayohusu jaribio la Korda, uwaweke Laughton na Jacobi pamoja kichwani, mmoja chini ya nguzo kubwa, mwingine mbele ya ukuta wa mbao.

Ila kabla ya yote, rudi na baba kwenye ile picha ya Augustus kitandani. Safari hii usimsikilize Livia, mtazame Blessed peke yake. Kisha niandikie uniambie ni wakati gani hasa ulijua amekwisha kufa, na baba naye aseme wake. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara nimekipata kitambo tofauti.